Eliud Mathu: Mwafrika wa kwanza kuihoji Serikali katika Baraza la Kutunga Sheria

Tarehe 10 Oktoba 1944, mwalimu mmoja kutoka Riruta, kando ya mji wa Nairobi, aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Koloni la Kenya. Jina lake lilikuwa Eliud Wambu Mathu, na umri wake ulikuwa miaka 34. Baraza hilo lilikuwa limekutana kwa mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907. Kwa muda wa miaka 37, sheria za nchi zilitungwa, kodi zikapangwa na matumizi ya Serikali yakaidhinishwa bila Mwafrika hata mmoja kuketi katika ukumbi huo.

Si kwamba Waafrika hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Tangu mwaka 1924 Gavana alikuwa akiteua Mzungu, kwa kawaida mmisionari, ili awakilishe yale yaliyoitwa maslahi ya wenyeji. Wa kwanza alikuwa Daktari John Arthur wa Misheni ya Kanisa la Scotland kule Kikuyu. Wengine walimfuata, na wakati Mathu anateuliwa nafasi hiyo ilikuwa mikononi mwa Kasisi Leonard Beecher wa Kanisa la Anglikana, aliyeendelea kuwa mjumbe pamoja naye. Baadhi ya wawakilishi hao walifanya kazi kwa moyo safi na walikuwa na ujuzi wa lugha na desturi za watu. Hata hivyo, mwakilishi asiyelipa kodi ya kichwa, asiyevaa kipande shingoni na asiyeweza kufukuzwa katika ardhi anayolima, huuliza swali akiwa nje ya jambo lenyewe. Walowezi walikuwa wakichagua wajumbe wao kwa kura tangu mwaka 1920, nao hawakuwa na subira na jibu lisilowaridhisha. Waafrika, waliozidi milioni 5 katika hesabu ya watu ya mwaka 1948, walikuwa na wasemaji wa kuteuliwa tu.

Mathu alizaliwa mwaka 1910. Alisoma katika shule za misheni, kisha akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwezi Machi 1926. Baadaye alikwenda Chuo cha Fort Hare, Afrika Kusini, ambako vijana wengi wa Kiafrika wa kizazi chake walikutana na kutambua kwamba matatizo ya nchi zao yalifanana. Alirudi kufundisha Alliance. Mwaka 1934 yeye na James Gichuru walishiriki kuanzisha chama cha walimu Waafrika, wakidai mishahara na masharti bora ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Uingereza, akasoma Exeter na kisha Chuo cha Balliol, Oxford, na kurejea nyumbani mwaka 1940 Vita Vikuu vya Pili vikiwa vimekwisha kuanza.

Kwa hiyo, alipoingia barazani alikuwa na silaha ambayo maofisa wengi hawakuitarajia kwa Mwafrika. Alikuwa amesoma vyuo vilevile walivyosoma wao. Aliweza kusoma makadirio ya bajeti, ripoti ya mwaka ya idara na muswada wa sheria, akatambua palipoachwa wazi. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kazi kubwa ya mjumbe asiye na wingi wa kura ilikuwa kuuliza maswali.

Utaratibu wa maswali katika Baraza ulifuata desturi ya Bunge la Uingereza. Mjumbe aliandika swali lake na kulitoa mapema kwa Karani. Swali halikutakiwa kuwa hotuba, wala kubeba hoja au maoni ya mwulizaji. Lilitakiwa kuomba habari au kuuliza Serikali inakusudia kufanya nini. Kutoka kwa Karani lilipelekwa Sekretarieti, na kutoka hapo kwa mkuu wa idara inayohusika. Iwapo lilihusu wilaya fulani, faili lilisafiri hadi kwa Mkuu wa Mkoa, naye akamwandikia Mkuu wa Wilaya, ambaye mara nyingi aliwauliza machifu. Majibu yalipanda ngazi zilezile hadi yakafika Nairobi, yakapigwa chapa, na siku ya kikao yakasomwa mbele ya Baraza zima na kuingizwa katika kumbukumbu rasmi.

Msomaji wa leo aweza kuuona mzunguko huo kuwa wa kiofisi tu. Katika utawala wa kikoloni, ulikuwa miongoni mwa njia chache zilizomlazimisha ofisa aliye mbali kueleza alichokuwa akikifanya. Mkuu wa Wilaya aliyezoea kutoa amri bila kuulizwa alijikuta akiandika maelezo kwa sababu mwalimu mmoja mjini Nairobi alikuwa ametaka kujua ni watoto wangapi wanaosoma, ni zahanati ngapi zilizojengwa, au ni kwa sheria ipi watu wamelazimishwa kufanya kazi bila ujira. Jibu lingeweza kuwa la kukwepa, na mara nyingi lilikuwa hivyo. Lakini lilikuwa limeandikwa, na neno lililoandikwa lingeweza kurejewa mwaka uliofuata.

Baada ya jibu kusomwa, mjumbe aliruhusiwa swali la nyongeza, mradi litokane na jibu lenyewe. Hapo ndipo uhodari wa mwulizaji ulipopimwa. Jibu lililoandaliwa lilikuwa limepita mikono mingi, ilhali swali la nyongeza lilimkuta ofisa amesimama peke yake. Kwa kazi ya namna hiyo, tabia ya ualimu haikuwa hasara.

Ugumu mwingine ulihusu nani wa kujibu. Kabla ya mwaka 1945, wakuu wa idara wenyewe walikuwa wajumbe wa Baraza upande wa Serikali: Mkurugenzi wa Elimu, Mkurugenzi wa Tiba, Mkurugenzi wa Kilimo na wengineo. Mambo mengi yaliyowahusu Waafrika yaliishia kwa Kamishna Mkuu wa Wenyeji. Mwaka 1945 Gavana Sir Philip Mitchell alibadilisha mpangilio huo. Idara zilikusanywa katika mafungu, na kila fungu likawekwa chini ya mjumbe mmoja wa Baraza la Utendaji, mfano ulioelekea mfumo wa mawaziri. Fungu la kilimo na mali asili lilipewa Ferdinand Cavendish-Bentinck, kiongozi mashuhuri wa walowezi. Ikawa kwamba swali la mkulima wa Kiambu au Machakos kuhusu ardhi, mifugo au mazao lilijibiwa na mtu ambaye wapiga kura wake walikuwa na maslahi yanayopingana na ya mkulima huyo. Waafrika waliupokea uteuzi huo kwa mashaka makubwa, na si vigumu kuona sababu.

Kwa miaka mitatu ya mwanzo, Mathu hakuwa mwakilishi wa eneo moja. Alikuwa mjumbe wa Waafrika wote, kuanzia Pwani hadi Ziwa, katika nchi yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 580,000. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuijua nchi kama hiyo. Alihitaji kupata habari kutoka kwa wengine, na hapo ndipo chama kipya kilipomfaa. Mwezi huohuo wa Oktoba 1944, viongozi Waafrika wa makabila mbalimbali walikutana Nairobi na kuunda Kenya African Union, kusudi lake mojawapo likiwa kumsaidia mjumbe huyo mpya. Harry Thuku alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Serikali haikupendezwa na jina hilo, nalo likabadilishwa kwa muda kuwa Kenya African Study Union, kana kwamba chama kilikuwa cha kujifunza tu. Gichuru alimfuata Thuku, na tarehe 1 Juni 1947 uongozi ukashikwa na Jomo Kenyatta, aliyekuwa amerejea kutoka Uingereza mwezi Septemba 1946.

Miongoni mwa mambo ambayo Mathu hakuchoka kuyafikisha barazani lilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Asiyekuwa nacho aliweza kushtakiwa. Mwajiri aliyekataa kutia sahihi alimfunga mtumishi wake kama kwa kamba. Askari walirudi kutoka Burma na Ethiopia, ambako walipigana bega kwa bega na Waingereza, wakakuta kipande kinawangoja.

Jambo hilo laonyesha nguvu ya hoja ya barazani na pia mipaka yake. Serikali ilikubali hatimaye kwamba sheria ya kuwasajili watu wa rangi moja peke yao haikuweza kutetewa. Mwaka 1947 ilipitisha sheria mpya ya kuwasajili watu wa rangi zote, kwa alama za vidole. Walowezi wengi walighadhibika kwa kutakiwa kufanya kile ambacho Waafrika walikuwa wamekifanya kwa zaidi ya robo karne. Tume ya Sir Bertrand Glancy iliundwa kuchunguza malalamiko yao, na baada ya ripoti yake ya mwaka 1950 ikakubaliwa kwamba mtu anayejua kusoma na kuandika angeweza kutumia picha na sahihi badala ya alama za vidole. Kipande cha zamani kiliondoka. Lakini Waafrika walitambua jinsi Serikali ilivyosikia haraka malalamiko ya wachache, baada ya kuyakalia ya wengi kwa miaka mingi.

Tukio lililomtoa Mathu katika utulivu wa ukumbi lilitokea Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma. Bandari ilisimama, pamoja na reli, hoteli na kazi za majumbani. Gharama za maisha zilikuwa zimepanda wakati wa vita, nyumba zilikuwa haba, na mshahara haukumtosha mtu kulisha familia. Kila siku wagomaji walikusanyika katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Serikali ilitoa amri ya kurudi kazini, nayo haikutiiwa. Siku zilipita, meli zikingoja.

Hatimaye Mathu alifika Mombasa na kuzungumza na wagomaji. Hakuwa na madaraka ya kupandisha mshahara wa mtu yeyote. Alichokuwa nacho ni nafasi yake barazani, na imani ya watu kwamba Serikali isingeweza kukana mbele yake jambo ambalo ilikuwa imemwahidi. Aliwaeleza kwamba madai yao yangechunguzwa na mahakama maalumu. Watu walirudi kazini tarehe 25 Januari. Mahakama hiyo iliundwa chini ya Jaji Thacker, na uamuzi wake ukaleta nyongeza ya mishahara kwa sehemu ya wafanyakazi.

Hapo mjumbe alikuwa ameweka rehani jina lake kwa ahadi ya Serikali. Ahadi ilitimizwa kwa kiasi. Lakini Chege Kibachia, aliyeongoza chama cha wafanyakazi kilichozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, Baringo. Kwa wengi waliokuwa wamekusanyika Kiwanja cha Maskini, somo la mwaka 1947 lilikuwa na pande mbili. Mjumbe aliyeulizia shida zao aliwapatia tume na nyongeza, na kiongozi aliyekaa nao uwanjani alipelekwa mbali. Kuanzia hapo, swali la iwapo njia ya Baraza yatosha halikuondoka tena katika siasa za Waafrika.

Mwaka huohuo liliibuka suala la Afrika Mashariki. Mwezi Desemba 1945 Serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa waraka uliojulikana kwa nambari 191, uliopendekeza bunge la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika ambamo wajumbe wasio wa Serikali wangegawanywa sawa kati ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Walowezi waliupinga vikali. Waraka uliofuata mwaka 1947, wenye nambari 210, uliondoa usawa huo na kuwapendelea Wazungu. Mathu aliupinga waraka wa pili. Kwake yeye, hatari haikuwa idadi ya viti peke yake. Reli, bandari, posta na ushuru wa forodha vilikuwa vikihamishiwa kwa mamlaka ya pamoja, na maswali kuhusu idara hizo yangeulizwa katika bunge hilo jipya. Anayenyimwa kiti huko hunyimwa pia nafasi ya kuuliza kwa nini nauli ya gari la moshi imepanda au kwa nini zao lake lasafirishwa kwa bei kubwa kuliko la jirani. Waraka 210 ulipita hata hivyo, na Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1948.

Upweke wa Mathu barazani ulipungua kidogo kidogo. Mwaka 1947 Benaiah Ohanga wa Nyanza alichukua nafasi ya Kasisi Beecher. Mwaka 1948 Waafrika wakawa wanne, na kwa mara ya kwanza kila mmoja akawa na upande wake wa nchi: Mathu kwa Mkoa wa Kati, Ohanga kwa Nyanza, James Jeremiah kwa Pwani na John ole Tameno kwa Bonde la Ufa. Katika Baraza hilo jipya, wajumbe wasio wa Serikali walikuwa 22 dhidi ya 16 wa Serikali. Kati ya hao 22, Wazungu walikuwa 11, Waasia 5, Waafrika 4 na Waarabu 2. Gavana naye aliacha kuongoza vikao, na Spika akawekwa. Mabadiliko hayo ya mwisho yanastahili kuangaliwa kwa makini. Ni vigumu kumhoji mtu barazani huku mkuu wake wa kazi ndiye anayeamua nani azungumze.

Mgawanyo wa mikoa ulibadilisha sura ya maswali. Mjumbe wa Pwani aliweza kushughulikia mambo ya Mombasa na maeneo ya jirani bila kungoja mtu wa Kiambu ayasikie. Mambo ya wafugaji wa Bonde la Ufa, ambako idara ya mifugo ilikuwa na nguvu kuliko idara ya elimu, yalipata msemaji anayetoka huko. Idara nazo zililazimika kujibu kwa takwimu za mkoa mmoja mmoja, na hapo tofauti kati ya sehemu na sehemu ikaonekana. Utaratibu ambao Wakenya wanaufahamu leo, wa mbunge au seneta kusimama na kudai maelezo kuhusu barabara, maji au usalama wa eneo lake, una mzizi mmojawapo hapo. Baada ya uhuru mawaziri walijibu wakiwa wabunge wenyewe. Tangu Katiba ya mwaka 2010, mawaziri hawatoki tena miongoni mwa wabunge, na Ibara ya 153 yawataka wafike mbele ya kamati za Bunge wanapohitajika na kujibu maswali kuhusu mambo yaliyo chini yao. Mwaka 1948 hakukuwa na kifungu cha namna hiyo kumlinda mjumbe Mwafrika. Alikuwa ameteuliwa na Gavana, na Gavana ndiye aliyekuwa mkuu wa Serikali aliyoihoji.

Mkoa wa Kati aliopewa Mathu ndio uliokuwa na moto mkali zaidi. Ardhi ilikuwa chungu. Hifadhi za Wakikuyu zilikuwa zimejaa, na maelfu ya waliokuwa wakiishi katika mashamba ya walowezi walikuwa wakipunguziwa mifugo na sehemu za kulima, au kuondolewa kabisa. Idara ya Kilimo ilisisitiza kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Shabaha yake ilikuwa njema kitaalamu, lakini kazi ilifanywa kwa kulazimishwa, na iliwaangukia hasa wanawake. Mwaka 1947 na 1948 watu wa Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, waliikataa. Ni mfano bora wa jambo ambalo takwimu za idara ziliweza kulieleza vizuri na bado zikakosa kulielewa. Urefu wa matuta yaliyochimbwa ulihesabiwa. Hasira ya aliyechimba haikuwa na safu katika ripoti.

Kadiri miaka ilivyosonga, Mathu alijikuta katikati. Walowezi wenye msimamo mkali walimwona kuwa mchochezi mwenye elimu. Vijana wa Nairobi na wa mashambani walimwona kuwa mtu wa mvinje wa maneno, anayepewa majibu ya karatasi badala ya ardhi. Mwaka 1952 aliingizwa katika Baraza la Utendaji, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Ilikuwa heshima kubwa, na pia mtego. Mjumbe wa Baraza hilo hula kiapo cha siri na hushiriki katika ushauri anaopewa Gavana. Mtu yuleyule aliyetazamiwa kuiuliza Serikali kwa nini imefanya jambo fulani, sasa alikuwa amekaa katika chumba ambamo jambo hilo lilijadiliwa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Kenyatta na viongozi wengine walikamatwa, na tarehe 8 Juni 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Mathu alilaani mauaji na viapo vya Mau Mau, na wakati huohuo aliendelea kuzungumzia barazani madhara yaliyowapata raia wasio na hatia kutokana na kanuni za dharura. Msimamo huo haukumpendeza yeyote kikamilifu. Kwa upande mmoja kulikuwa na watu waliomtaka anyamaze kwa jina la usalama. Kwa upande mwingine kulikuwa na watu wake mwenyewe, maelfu kwa maelfu, waliokuwa kambini na katika vijiji vya kulazimishwa, ambao hawakuwa na nafasi ya kusoma kumbukumbu za Baraza. Katika miaka hiyo, kuuliza swali barazani kulihitaji ujasiri wa namna yake, na haifai kuudharau kwa sababu tu haukuwa ule wa msituni.

Mwaka 1954 mabadiliko ya katiba yaliyoletwa na Waziri wa Makoloni Oliver Lyttelton yalimfanya Ohanga kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa waziri, akipewa maendeleo ya jamii. Mwaka huohuo Baraza lilihamia katika Majengo ya Bunge yenye mnara wa saa, ambayo bado yanatumika. Mathu aliendelea kuketi upande wa wajumbe.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulifanywa mwezi Machi 1957, kwa viti vinane. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, mali, kipato au utumishi, na mtu mwenye sifa nyingi aliweza kuwa na kura hadi tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru palikuwa na sharti la ziada: mpiga kura alipaswa kuwa na cheti cha uaminifu kwa Serikali. Wakikuyu wengi hawakuwa nacho. Wameru walioandikishwa walikuwa wengi zaidi, na mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate, alimshinda Mathu katika Mkoa wa Kati. Mtu aliyeiuliza Serikali maswali kwa zaidi ya miaka 12 kwa niaba ya watu wake alishindwa katika uchaguzi ambao wengi wa watu wake hawakuruhusiwa kushiriki. Hata hivyo, vyeti pekee havitoshi kueleza matokeo. Ohanga naye, pamoja na uwaziri wake, aliangushwa kule Nyanza na Oginga Odinga. Wajumbe wa kuteuliwa walikuwa wamepitwa na wakati.

Wanane walioingia, wakiwemo Tom Mboya, Daniel arap Moi, Ronald Ngala na Masinde Muliro, walikataa uwaziri na kudai viti 15 zaidi vya Waafrika. Walikuwa na kitu ambacho Mathu hakuwahi kuwa nacho, yaani kura za watu. Waliporusha swali, nyuma yao palikuwa na mikutano ya hadhara na wapiga kura waliongojea jibu. Lakini kanuni walizozitumia, pamoja na notisi, jibu la maandishi, swali la nyongeza na kurejea kumbukumbu za mwaka uliopita, zilikuwa tayari zimezoewa barazani kutokana na Mwafrika aliyewatangulia. Kabla ya mwisho wa mwaka huo Waziri wa Makoloni Alan Lennox-Boyd aliwaongezea viti sita, wakawa 14.

Mathu hakurejea katika siasa za uchaguzi. Alitumika katika Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, yenye makao yake Addis Ababa. Baada ya uhuru Rais Kenyatta alimwita nyumbani na kumpa kazi Ikulu, akawa msaidizi wake wa karibu na msimamizi wa shughuli za Ikulu kwa miaka mingi. Barua, wajumbe na malalamiko ya kila sehemu ya nchi yalipitia katika ofisi aliyoisimamia. Hakuwa tena mwulizaji. Alikuwa sasa upande wa wanaotakiwa kutoa majibu. Alifariki mwaka 1993.